Kona ya Fundi: Fremu ya uwanjani isiyo na tundu la breki

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu jambo moja: fremu za zamani za mbio za uwanjani, zile zilizoundwa kuzunguka velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli, ambazo wenyewe sasa wanataka kuziendesha kila siku. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo karibu maswali yote ya wengine.

Shikamoo mama fundi. Mjomba wangu alishindana mbio za uwanjani ujanani mwake. Alifariki mwaka jana, nami nimerithi fremu yake. Ni ya chuma, ya buluu iliyochujuka, na kwenye bomba la kiti kuna stika iliyokwanguka inayosomeka 531. Foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ipo na kranki ipo, magurudumu hayapo. Nimeigeuza kila upande, sioni tundu la breki mbele wala nyuma, na masikio ya nyuma, pale ekseli inapokaa, yamefunguka kuelekea nyuma. Fundi mmoja ameniambia nimwachie foki aitoboe kwa drili, kazi ya dakika kumi. Nimesita. Nifanyeje? — Mrithi

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa. Umefanya vyema kusita. Foki hiyo usiitoboe, na sababu nitakupa. Ila kwanza tuikague fremu yenyewe, maana hakuna haja ya kuhangaikia breki za fremu iliyopasuka.

Ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe, itoe kwenye mwanga wa jua uigeuze juu chini. Pitisha ncha ya kidole upande wa chini wa bomba linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye kranki, sentimita chache tu baada ya kiungo cha shingo. Usitegemee macho hapo, papasa. Fremu iliyowahi kugonga kitu kwa mbele hujikunja mahali hapo kidogo sana, na mkunjo ambao jicho limeuruka kidole kitausikia kama wimbi. Papasa na bomba la juu vivyo hivyo. Ukisikia wimbi, usiendelee na lolote kabla fundi mzoefu wa fremu hajaishika. Kisha tafuta nyufa: kandokando ya kasha la kranki (lile bomba fupi ambamo ekseli ya pedali huzungukia), kwenye masikio ya nyuma, na pale nguzo ya kiti inapobanwa. Ufa mara nyingi hujitangaza kama mstari mwembamba wa kutu uliopita katikati ya rangi nzima.

Sasa chukua uzi. Ufunge kwenye sikio la nyuma la kushoto, upeleke mbele uzunguke bomba la shingo, urudi hadi sikio la kulia, uukaze. Pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kushoto halafu kulia. Vipimo vikilingana, au vikipishana kwa milimita moja hivi, fremu imenyooka. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na kimeniokolea kazi nyingi za bure.

Stika ya 531 ni habari njema. Hilo ni jina la mabomba ya Reynolds ya Uingereza, yaliyotoka mwaka 1935, na kwa miongo kadhaa yalikuwa chaguo la waundaji wengi wa baiskeli za mbio. Wembamba wake ndio thamani yake. Katikati, ukuta wa bomba huweza kuwa milimita 0.5 au 0.6 tu, halafu unanenepa kwenye ncha ambako kiungo kimelehemiwa. Kwa hiyo asitokee mtu akaibana fremu yako kwenye jiriwa kwa kushika katikati ya bomba. Ikibidi kuishika, weka nguzo ya kiti ndani, ubane nguzo.

Kwa nini haina matundu? Kwa sababu haikukusudiwa kusimama ghafla. Velodromu za leo za mashindano makubwa zina mzunguko wa mita 250, na kwenye kona ukuta wake umeinama zaidi ya digrii 40. Wote wanakwenda upande mmoja, wakifuatana karibu karibu, na anayefunga breki anawaangusha walio nyuma yake. Breki zimepigwa marufuku humo, na kwa mahali pale katazo ni la haki kabisa. Mengine yote katika fremu ya mjomba wako yametokana na uwanja huo. Shingo imesimama wima zaidi, digrii 74 au 75, ili usukani uitikie haraka. Kasha la kranki limeinuliwa ili pedali isikwaruze kwenye mwinamo. Nafasi ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni milimita 120, kwani kuna sproketi (duara la meno la mnyororo) moja tu. Na masikio yamefunguka nyuma ili ukaze mnyororo kwa kulivuta gurudumu.

Kabla hujakata tamaa, hakikisha kweli foki haina tundu. Zamani waendeshaji wengi, hasa Uingereza, waliiendesha baiskeli ileile hadi uwanjani, magurudumu ya mashindano wakiyafunga pande mbili za usukani kwa vishikilio vilivyobanwa kwenye ekseli ya mbele. Wakifika wanafungua breki, wanabadilisha magurudumu, wanaingia mbioni. Baadhi ya fremu ziliundwa kwa maisha hayo na foki zake zina tundu, ila mtu aliyefuata alilijaza akalipaka rangi. Gonga kichwa cha foki, pale miguu yake miwili inapokutana, kwa ncha ya bisibisi, mbele na nyuma, usikilize kama sauti inabadilika.

Kama ni chuma kitupu, hakuna tundu lililojazwa, basi turudi kwenye drili.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu nilitoboa foki kama hiyo. Karakana bado ilikuwa ya baba, na foki ilikuwa ya mteja. Kichwa cha foki ya uwanjani mara nyingi ni chembamba kuliko cha baiskeli ya barabarani, na ndani yake bomba la usukani limezamishwa na kulehemiwa kwa shaba. Nilianza vizuri na biti ya milimita 6. Nilipotokea upande wa pili nilikuwa nimepinda milimita mbili, na tundu lilikuwa limeula ukingo. Kilichobaki pale kilikuwa chuma chembamba kama ukucha. Baba aliishika, akaielekeza dirishani, akaona mwanga ukipita mahali usipotakiwa kupita. Hakunigombeza. Aliiweka mezani akaenda kumwita mteja. Tulimlipa foki nyingine nzuri, lakini ile ya kwanza ilizaliwa pamoja na fremu yake: nambari iliyogongwa kwenye bomba la usukani ilikuwa ileile ya chini ya kasha la kranki. Tazama na ya mjomba wako, huenda utaikuta hivyo.

Hata ningetoboa sawasawa bado kuna la pili. Miguu ya foki hizi mara nyingi ni ya duara na myembamba, imetengenezwa kuhimili kusukumwa ubavuni mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu zote. Breki ya mbele huivuta nyuma, siku baada ya siku. Wapo waliotoboa na wanaendesha mpaka leo, siwakatalii. Mimi sitoboi tena.

Ninachofanya ni hiki: nauchukua uma mwingine wa baiskeli ya barabarani ulio na tundu tangu kiwandani, naufunga, na ule wa asili nauhifadhi. Fremu haijaguswa. Siku ukitaka kuirudisha ilivyokuwa, ni kazi ya jioni moja.

Uma huo hauchukuliwi kwa kukisia. Vua wa zamani, upime. Bomba la usukani la foki nyingi za miaka hiyo lina kipenyo cha inchi moja, na juu lina hesi, yaani ile mistari ya kuzunguka inayoshika nati. Za Kifaransa za zamani ni milimita 25 kamili, tofauti ya milimita 0.4 na inchi, nayo inatosha nati isiingie. Urefu wa bomba uwe urefu wa shingo ya fremu pamoja na kimo cha vikombe vya goroli vya juu na chini. Likiwa refu kupita kiasi na hesi zake ni ndefu, laweza kukatwa. Likiwa fupi, tafuta jingine, kwani hakuna cha kuongeza. Halafu pima pale chini bakuli la goroli linapokaa: kuna foki za milimita 26.4 na kuna za 27.0. Bakuli la 27.0 kwenye foki ya 26.4 litacheza, na utaisikia shingo ikigonga kila ukishika breki. Watu wengi wanahangaika na mlio huo wakikaza nati bure.

Urefu kutoka ekseli hadi kichwa cha foki ndio utakaobadili tabia ya baiskeli. Foki ya barabarani mara nyingi ni ndefu kidogo. Kwa fremu ya ukubwa wa kawaida, kila milimita 17 hivi za nyongeza zinailaza shingo kwa digrii moja. Nyongeza ya milimita 10 basi ni zaidi kidogo ya nusu digrii, na kwako hiyo ni faida: usukani unatulia, na gurudumu la mbele linasogea mbali na vidole vya mguu. Fremu hizi ni fupi. Ukipinda kwa mwendo wa polepole, ncha ya kiatu hugusa tairi. Jaribu jambo hilo ukiwa umesimama, pedali ikiwa mbele, kabla barabara haijakujaribu wewe. Nyongeza ikipita milimita 20, mimi nakataa.

Breki yenyewe: pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya ukuta wa rimu ambapo raba itabana. Breki fupi za barabarani hufikia milimita 39 hadi 49, na zile ndefu kidogo 47 hadi 57. Kipimo hiki kifanyike gurudumu likiwa ndani, tairi imejazwa.

Magurudumu. Magurudumu ya mashindano ya mjomba, kama yangekuwepo, huenda yangekuwa ya tairi za kubandikwa kwa gundi, na nisingekushauri uende nazo kazini. Chukua rimu za kawaida za kipenyo cha milimita 622, zile zinazoandikwa 700C. Habu ya nyuma iwe ya milimita 120. Usikubali fremu ipanuliwe ili iingie habu ya 130. Chuma kinakubali kupanuliwa, najua, lakini habu za 120 zipo na hakuna sababu. Upana wa tairi utaamuliwa na nafasi: weka gurudumu, acha milimita 4 za hewa kila upande na juu. Fremu nyingi za uwanjani hukubali tairi ya 25. Chache hukubali ya 28, na ikikubali, weka hiyo.

Kuhusu breki ya nyuma soma majibu yanayofuata, maana inategemea unataka kuendesha kwa friwili, ile sproketi inayoliacha gurudumu lizunguke hata usipokanyaga, au bila friwili.

Mama, fremu yangu ilikuja na meno 49 mbele na 14 nyuma, mnyororo mnene. Kwenye mwinuko mdogo tu najikuta nimesimama juu ya pedali, nimekwama. Niweke gia gani? Na je, friwili inaingia kwenye habu ya uwanjani? — Mapaja

Gawanya 49 kwa 14 unapata 3.5. Gurudumu lako lina mzingo wa kama mita 2.1, kwa hiyo kila ukizungusha pedali mara moja unasafiri mita 7.35. Ukizungusha mara 90 kwa dakika, hapo uko karibu kilomita 40 kwa saa, na ndipo gia hiyo inapokuwa tamu. Ukienda kilomita 20 kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda shughuli zake, miguu inazunguka mara 45 tu kwa dakika, na kila mzunguko unainua gogo. Magoti ndiyo yanayolipa.

Weka 42 kwa 17. Hiyo ni mita 5.2 kwa mzunguko, na kwa mizunguko 90 unakwenda kilomita 28 kwa saa. Penye vilima vingi shuka hadi 42 kwa 19, wala usione haya.

Friwili inaingia. Hesi za friwili za kawaida na za sproketi ya uwanjani ni zilezile, inchi 1.37 kwa mistari 24 kwa kila inchi. Angalia habu yako kwa karibu: ikiwa ni ya uwanjani kweli, utaona ngazi mbili za hesi. Ngazi pana ya ndani ni ya sproketi, inakazwa kwa kuzungusha kulia. Ngazi nyembamba ya nje ni ya ringi ya kufungia, na hesi zake ni za kushoto. Hapo ndipo usalama wa fiksi, yaani baiskeli isiyo na friwili, ulipo, maana ukizuia pedali kwa miguu, sproketi hutaka kufunguka kwa kuzunguka kushoto, na mwelekeo huohuo ndio unaoikaza ringi. Habu isiyo na ngazi ya pili ni ya friwili tu. Nimeona watu wakifungia nati ya kulia juu yake na gundi ya hesi, wakaiita fiksi. Usiipande.

Unapofunga sproketi, safisha hesi zote kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa mpaka mfereji wa kila mstari uonekane. Paka grisi. Zungusha kwa vidole. Inapaswa kuingia yenyewe, laini, mizunguko kadhaa bila spana. Ikigoma kwenye mzunguko wa kwanza, irudishe nyuma, isikilize ikidondoka kwenye mwanzo wa mstari kwa kijisauti kidogo, ndipo uanze tena. Habu ya alumini iliyolazimishwa mara moja haisameheki. Ikishaingia, kaza kwa spana ya mnyororo kwa uzito wa mwili, kisha ringi. Endesha kidogo ukipanda kilima, urudi uikaze ringi tena, kwa sababu sproketi itakuwa imejisogeza.

Mnyororo mnene wa inchi 1/8 ni mzuri, ubaki nao, ila meno ya mbele na ya nyuma yawe kwenye mstari mmoja. Habu nyingi za uwanjani huweka sproketi milimita 42 kutoka katikati ya baiskeli, basi pima na mbele iwe hivyo. Ulegevu wa mnyororo katikati uwe kama sentimita moja juu na chini, upimwe mahali unapokaza zaidi, maana karibu kila kranki ina upande unaokaza.

Fundi, heshima yako. Mimi naendesha fiksi bila breki hata moja mwaka wa pili huu, nasimamisha kwa miguu. Breki inaharibu sura ya baiskeli. Kwa nini unawatisha watu? — Miguu Yangu

Ndugu yangu, simtishi mtu. Ninakuomba uweke breki ya mbele, na ninakuomba kwa moyo wote.

Ukipunguza mwendo, uzito wako unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na gurudumu jepesi halishiki barabara. Miguu yako, hata ikiwa na nguvu kiasi gani, inafanya kazi kupitia gurudumu hilo la nyuma peke yake. Umbali wa kusimama kwa nyuma tu ni karibu mara mbili ya ule wa breki ya mbele inayotumiwa vizuri. Na miguu hiyo imeunganishwa na gurudumu kwa pini za mnyororo. Mnyororo ukiruka, umebaki na usukani na maombi. Mteja wangu mmoja aliniletea baiskeli ambayo mnyororo wake ulitoka kwenye mteremko kwa sababu nati ya nyuma ililegea kidogo tu. Alipona kwa kuwa alikuwa na breki ya mbele, na raba zake ziliisha karibu zote siku hiyo moja.

Sheria za nchi nyingi zinaona hivyo pia. Kanuni za Uingereza za 1983, kwa mfano, zinaikubali fiksi kama mfumo wa nyuma, lakini zinadai breki ya mbele iwepo.

Breki moja ndogo, waya mmoja mfupi, mkono mmoja wa breki kwenye usukani. Sura haiharibiki. Ikiwa foki yako haina tundu, soma nilivyomjibu Mrithi.

Na kwa kuwa unasimama kwa kufunga miguu na kuiburuza tairi ya nyuma, nitazame na gia yako. Ukiwa na 48 kwa 16, hiyo ni tatu kamili: kila kranki inaporudi mahali pake, tairi nayo imerudi palepale. Unafunga miguu katika mkao uleule, basi unasugua eneo lilelile, na tairi inatoboka kwa doa moja huku kwingine kote ni mpya. Badili iwe 47 kwa 17 na doa hilo litagawanyika sehemu 17.

Kwa wanaotaka friwili: hapo miguu haizuii chochote, kwa hiyo breki ziwe mbili. Kama nyuma hakuna tundu, habu ya breki ya kurudisha pedali nyuma ndiyo suluhisho ninalolipenda. Kwa kawaida ni nyembamba kuliko milimita 120, unajaza nafasi kwa washa pande zote mbili kwa uwiano. Mkono wake wa chuma ufungwe kwenye bomba la nyuma la chini kwa klipu inayolingana na bomba, yenye kipande cha ngozi au raba ndani, isilibonyeze. Habu ya breki ya ngoma mbele, kwenye foki nyembamba ya uwanjani, sitaki hata kuisikia: nguvu yote ya kusimama inaangukia mguu mmoja wa foki.

Shikamoo mama. Nguzo ya kiti imegandamana na fremu. Nimepasha moto kwa tochi ya gesi, imezidi kukaza. — Mkwamo

Marahaba. Weka tochi kando. Nguzo ni alumini, fremu ni chuma, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha vyote kwa pamoja unaikaza. Unachotaka ni baridi kwenye nguzo.

Fungua bolti ya kubana, itoe kabisa. Geuza fremu, vua kranki, mimina mafuta ya kupenya ndani ya bomba la kiti kupitia kasha la kranki, uiache imesimama kichwa chini siku tatu, ukiongeza kila siku. Halafu funga barafu nyingi kuzunguka sehemu ya nguzo iliyo nje, ngoja nusu saa, ubane kichwa cha nguzo kwenye jiriwa imara na uizungushe fremu taratibu, kushoto na kulia, ukishika karibu na kiti na kwa masikio ya nyuma. Ukiona bomba linajipinda, acha. Ikishindikana kabisa, nguzo hukatwa, na mabaki hupasuliwa kwa ndani kwa ubapa wa msumeno wa chuma, polepole, mpaka yakunjike. Ni kazi ya saa kadhaa na mkono mtulivu. Kuna wanaomimina magadi makali ya kuyeyusha alumini. Yanafanya kazi, lakini yanatoa hewa inayowaka na tone moja laweza kupofusha jicho, nami siyashauri nyumbani.

Nguzo mpya ipime kwa kalipa, kwani hupishana kwa milimita 0.2: 26.8, 27.0, 27.2. Iliyo ndogo kwa 0.2 itabanwa, lakini itakuwa inaharibu kiungo. Na safari hii paka grisi.

Nipake rangi mpya? Na madigadi yataingia? — Mvua

Ikiwa rangi ya zamani imeshika, iache. Safisha kutu kwa nyuzi za chuma laini sana na mafuta, paka nta, nyunyiza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba. Ukilazimika kupaka, mwambie mwenye mashine ya kupulizia mchanga atumie chembe laini na shinikizo dogo, kumbuka zile milimita 0.5, na azibe hesi zote kwanza.

Madigadi kamili hayaingii kwa raha. Hakuna vishikio, nafasi ya tairi ni finyu, na gurudumu linapotolewa kwa kuvutwa nyuma linagonga digadi. Tumia yale mafupi ya kubana kwenye nguzo ya kiti na kwenye bomba la chini. Mzigo uweke kwenye mkoba wa mgongoni au wa nyuma ya kiti, maana fremu hii haina pa kufungia keria, na keria za kubana kwenye mabomba membamba zinayala.

Mama fundi, ni mimi Mrithi tena. Uzi umelingana, wimbi hakuna, na nambari chini ya kasha la kranki ni ileile ya kwenye foki. Nimepata uma wa barabarani wenye tundu, umezidi kwa milimita 8. Sasa foki ya mjomba niiweke wapi?

Nimefurahi sana kwa nambari hiyo. Milimita 8 ni sawa, endelea.

Foki isafishe grisi yote ya zamani, uikaushe. Mimina mafuta kidogo ndani ya bomba la usukani, uizungushe yafike kila upande, uache yachuruzike. Hesi zipake grisi, uzifunge kwa kitambaa, kwa kuwa zikigongwa tu nati haitaingia tena. Vikombe vya goroli vya asili na nati zake vitie kwenye mfuko mmoja. Andika kwenye karatasi nambari ya fremu, vipimo vyote ulivyochukua, na jina la mjomba wako, uifunge karatasi hiyo kwenye mguu wa foki kwa uzi uleule uliopimia. Itundike ndani ya nyumba, mahali pakavu, isilale sakafuni.

Na baada ya wiki mbili za kuendesha, kagua tena ringi ya sproketi na bakuli la shingo. Huwa vinahitaji robo mzunguko.